Nyasi Zilizopiganiwa: Bustani na Misitu ya Nairobi

Mwaka 1906, Duke wa Connaught, mwana wa Malkia Victoria wa Uingereza, alisimama katikati ya mji wa mabati na vumbi akaifunua sanamu ya mamake ndani ya bustani mpya. Mji huo ulikuwa Nairobi, na umri wake ulikuwa miaka saba tu. Reli kutoka Mombasa ilifika kwenye nyanda hizi zenye vinamasi mwaka 1899, wahandisi wakapiga kambi, na kambi ikageuka mji kabla mtu yeyote hajaketi kufikiri mji uwe wa namna gani. Mwaka 1902 tauni ilizuka katika soko la Wahindi, na wakuu wa serikali wakaamuru soko lote litiwe moto. Katika mji uliojengwa kwa pupa na kuchomwa kwa pupa, mtu kutenga ardhi kwa ajili ya kukaa tu, kupunga upepo na kutazama maua, lilikuwa jambo geni. Na aliyeitoa ardhi hiyo hakuwa gavana wala meya.

Alikuwa Alibhai Mulla Jeevanjee, Bohora mzaliwa wa Karachi aliyefika Mombasa katika miaka ya 1890 na kupata utajiri kwa kandarasi za Reli ya Uganda: kuleta vibarua kutoka Bara Hindi, kuwalisha, kuchimba mawe, kujenga stesheni. Ndiye aliyeanzisha gazeti la African Standard kule Mombasa, ambalo wajukuu wa wasomaji wake wa kwanza wanalisoma leo kwa jina la The Standard. Baadaye akawa mtu wa kwanza asiye Mzungu kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la koloni. Ndani ya baraza lile alipambana na walowezi waliotaka nyanda za juu ziwe zao peke yao. Bustani aliyowapa watu wa Nairobi, Jeevanjee Gardens, ingali hapo kati ya Moi Avenue na Muindi Mbingu Street. Ni pande la ardhi lenye miti mikubwa na mabenchi ya kupumzikia, ambamo makarani, wahubiri, wanaotafuta kazi na wabishi wa siasa hukutana kila adhuhuri.

Nimeanza na Jeevanjee kwa sababu moja. Watu wengi husema Nairobi ina bahati ya kuwa na miti, kana kwamba miti hiyo ilisahauliwa pale na wapangaji wa mji. Ukiichunguza historia ya kila bustani na kila msitu wa jiji hili, utakuta si bahati. Kila mahali ambapo leo mtoto anaweza kukimbia bila kukanyaga lami, kuna mtu aliyetoa mali yake, au aliyesimama mbele ya tingatinga, au aliyepigwa rungu.

Hata Arboretum, ambayo sasa ndiyo pahali pa wanaokimbia asubuhi na vikundi vya maombi vya Jumamosi, haikuzaliwa kwa ajili ya starehe. Ilianzishwa mwaka 1907 kama shamba la majaribio. Injini za reli ziliendeshwa kwa kuni, misitu ya asili ilikuwa ikiisha kando ya njia ya reli, na idara ya misitu ikihitaji kujua ni miti gani ya kigeni ingekua upesi katika udongo huu. Ikaleta mikaratusi ya Australia, misonobari na miti mingine ya mabara ya mbali, ikaipanda karibu na ikulu ya gavana na kungoja. Baadhi ya miti hiyo imesimama hadi leo, mirefu kupita majengo mengi ya jirani. Ukipita na kibao cha jina la mti, soma. Hekta zile thelathini hivi zina zaidi ya aina 300 za miti, na hakuna pahali pengine mjini pa kujifunza miti kwa urahisi namna hiyo.

Twende City Park, huko Parklands, ambako historia imelazwa chini ya ardhi.

City Park ni kipande cha msitu wa asili kilichobaki huku mji ukiuzunguka pande zote. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilitunzwa na Peter Greensmith, msimamizi wa bustani za manispaa, yule yule aliyepanda bogenvilia kando ya barabara kuu hadi Nairobi ikawa mji wa rangi ya zambarau na waridi. Wakazi wa leo wanaijua zaidi kwa kima. Ukinunua ndizi au njugu langoni, kima hushuka mitini bila haya, hukushika mkono kwa vidole vyembamba na baridi, hukagua kama umeficha nyingine, kisha huondoka bila kuangalia nyuma. Watoto hupiga kelele za furaha, wazazi hupiga picha. Lakini wachache kati yao huendelea mbele hadi makaburini.

Humo amezikwa Pio Gama Pinto. Alizaliwa Nairobi mwaka 1927 katika familia ya Wagoa, akawa mwanahabari na mpiganiaji wa vyama vya wafanyakazi. Wakoloni walimweka kizuizini wakati wa hali ya hatari, miaka kadhaa, kwa kuwasaidia wapigania uhuru wa Mau Mau kwa fedha na mawasiliano. Baada ya uhuru aliingia bungeni, akaendelea kuuliza ni kwa nini ardhi iliyopiganiwa inagawiwa wenye nacho. Tarehe 24 Februari 1965 alipigwa risasi nje ya nyumba yake, bintiye mdogo akiwa ndani ya gari. Alikuwa na umri wa miaka 37. Kenya huru ilikuwa haijafikisha mwaka wa pili, na tayari ilikuwa imemuua mtu kwa ajili ya siasa.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Joseph Murumbi, mtoto wa baba Mgoa na mama Mmaasai. Mwaka 1966 Murumbi aliteuliwa Makamu wa Rais, wa pili katika historia ya nchi, na mwaka huo huo akajiuzulu. Hakufanya kelele. Alirudi kwenye vitabu, stempu na sanaa ya Afrika aliyokuwa akiikusanya maisha yake yote, na akashirikiana na Alan Donovan kuanzisha jumba la sanaa la African Heritage mwaka 1972. Kabla ya kufariki mwaka 1990 alieleza pahali alipotaka kulala: karibu na Pinto. Leo yeye na mkewe Sheila wamezikwa City Park, na bustani ya kumbukumbu iliyofunguliwa mwaka 2009 imezungushiwa sanamu za wachongaji wa Afrika Mashariki, akiwamo Elkana Ong'esa wa Kisii. Makamu wa Rais angeweza kupewa kaburi la heshima popote. Kuchagua kulala kando ya mtu aliyeuawa kwa kusema ukweli kuhusu ardhi ni tamko la kisiasa, na mimi naliona ni zito kuliko hotuba yoyote aliyowahi kutoa akiwa ofisini.

Hapo ndipo ardhi inapoingia katika hadithi hii, na haitoki tena.

Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, msafara wa watu ulitoka jumba la mikutano la Kenyatta kwa miguu hadi Kamukunji, uwanja wa mikutano ulio upande wa mashariki ya mji. Huko wakapanda miti saba, kila mmoja kwa jina la kiongozi wa zamani: Mekatilili wa Menza wa Wagiriama, Waiyaki wa Hinga, Nabongo Mumia, Masaku, Lenana, Gor Mahia na Wangu wa Makeri. Aliyeongoza shughuli hiyo alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Wangari Maathai, na siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa ya kuzaliwa kwa vuguvugu la Green Belt. Miti mingi kati ya ile saba ilikufa. Vuguvugu halikufa. Likaenda vijijini, likawafundisha akina mama kuotesha miche na kuwalipa kidogo kwa kila mche ulioshika. Kwa miaka kumi na zaidi wakubwa wa serikali waliwatazama wanawake hao kwa kuwadharau tu. Kisha yakatokea ya Uhuru Park.

Uhuru Park ilifunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta tarehe 23 Mei 1969: karibu hekta kumi na tatu za nyasi, miti na ziwa la kuchimbwa, kati ya mji na kilima cha Upper Hill. Haikuwa na kiingilio. Jumapili familia kutoka Eastlands zilipanda mabasi na kuja na chakula cha nyumbani, watoto wakapanda mashua ziwani, wapiga picha wakawapanga wapenzi mbele ya maua, wahubiri wa adhuhuri wakapaza sauti. Kwa mtu anayeishi chumba kimoja na watoto watano, bustani ile ilikuwa sebule.

Mwaka 1989 ulianza kwa sifa. Tarehe 18 Julai Rais Daniel arap Moi aliziwasha moto tani kumi na mbili za pembe za ndovu katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, na picha za moto ule zikazunguka dunia nzima. Kenya ikasifiwa kuwa nchi inayojali viumbe vyake. Miezi michache tu baadaye Maathai alipashwa habari kwamba Uhuru Park ingejengwa jumba la ghorofa sitini, refu kuliko lolote Afrika, la shirika la Kenya Times, gazeti la chama tawala cha KANU lililokuwa na ubia na tajiri wa magazeti wa Uingereza, Robert Maxwell. Gharama ilitajwa kuwa karibu dola milioni 200 za Marekani. Ndani yake kungekuwa na ofisi, maduka na maegesho ya magari, na mbele yake sanamu kubwa ya Rais.

Alichofanya Maathai kilikuwa kuandika barua. Aliwaandikia wakuu wa kampuni, ofisi ya Rais, mashirika ya kimataifa, na balozi wa Uingereza, akamuuliza kama wao wangekubali jumba la namna hiyo lijengwe ndani ya Hyde Park, London. Nchi nyingi za Afrika wakati huo hazikuwa na pahali ambapo mwananchi wa kawaida angehoji mradi wa serikali, na Kenya ya chama kimoja haikuwa tofauti. Majibu yalikuja kwa njia ya matusi. Novemba bunge lilisimamisha shughuli zake kumjadili mwanamke mmoja, na wabunge wakamcheka, wakaliita vuguvugu lake kikundi cha wanawake walioachika. Rais alisema wanaopinga mradi wana wadudu vichwani, na akamkumbusha kwamba mwanamke wa Kiafrika hapaswi kubishana na wanaume. Ofisi ya Green Belt ikafukuzwa katika jengo la serikali, kazi yote ikahamia nyumbani kwake South C, makaratasi hadi jikoni.

Alikwenda Mahakama Kuu. Jaji akaitupa kesi yake kwa sababu inayostahili kukumbukwa na kila Mkenya: Maathai hakuonyesha kuwa yeye binafsi angeumia kwa namna ya pekee, kwa hiyo hakuwa na haki ya kuishtaki kampuni ile. Bustani ni ya umma, ndivyo mantiki ilivyokwenda, kwa hiyo hakuna mtu mmoja wa umma anayeweza kuitetea. Uzio wa mabati ukawekwa. Lakini barua zilikuwa zimefika mbali kuliko amri ya jaji. Mapema mwaka 1990 wawekezaji wa nje wakajiondoa, ghorofa zikapungua kwenye makaratasi, kisha mradi ukafa kimya. Uzio ukaja kung'olewa, na watoto wakarudi kucheza pale pale palipokuwa pawekwe nguzo za jumba.

Wakati huo huo, kilomita moja tu kutoka hapo, bustani ya Jeevanjee nayo ilipigiwa hesabu. Mwaka 1991 likazuka wazo la kujenga humo jengo la maegesho ya magari na maduka. Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, aliongoza upinzani, akaandika na kukusanya sahihi, na baadaye akaandika kitabu cha maisha ya babu yake. Bustani ikabaki. Katika miaka iliyofuata kundi la vijana na wazee waliojiita Bunge la Mwananchi wakageuza mabenchi yake kuwa ukumbi wa mijadala, wakibishana kuhusu bei ya unga, katiba na wizi wa mali ya umma hadi jioni.

Februari 1992 wanawake kadhaa wazee, wengi kutoka mashambani, walikuja Nairobi kumwona Mwanasheria Mkuu. Wana wao walikuwa jela kwa makosa ya kisiasa, na ijapokuwa mfumo wa vyama vingi ulikuwa umerudishwa mwezi Desemba uliotangulia, wafungwa hao hawakuachiliwa. Miongoni mwa akina mama hao alikuwa Monica Wangu wa Wamwere, mamake mwanasiasa Koigi wa Wamwere. Mwanasheria Mkuu akawaambia warudi nyumbani wangoje. Hawakurudi. Tarehe 28 Februari, wakiwa na Maathai, walitandika magodoro na mablanketi yao katika pembe moja ya Uhuru Park, wakatangaza kwamba wanasusia chakula mpaka wana wao watoke. Walikaa na mishumaa usiku. Watu wakaanza kuja mmoja mmoja, kisha kwa mamia, na wengi wao walisimama mbele ya umati kueleza kwa mara ya kwanza jinsi walivyoteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House, jengo la serikali mjini. Pembe hiyo ikaitwa Freedom Corner.

Tarehe 3 Machi polisi walifika na gesi ya kutoa machozi, marungu na bunduki. Maathai alipigwa hadi akazimia. Baadhi ya akina mama wakavua nguo zao, wakasimama uchi mbele ya askari wale vijana. Katika mila za jamii nyingi za Kenya, mama mzee akikuvulia nguo kwa hasira amekulaani. Askari waligeuza nyuso.

Sikumbuki kuona popote pakielezwa vya kutosha kwamba jambo hili lilikwisha kutokea kabla, umbali wa kutembea tu kutoka hapo. Tarehe 16 Machi 1922 umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi karibu na hoteli ya Norfolk kudai mwanaharakati Harry Thuku aachiliwe. Wanaume walipoanza kulegea, Mary Muthoni Nyanjiru alisimama mbele, akainua nguo yake, akawaambia wanaume wachukue nguo yake wampe suruali zao. Umati ukasonga mbele, askari wakafyatua risasi, na Nyanjiru akawa miongoni mwa waliokufa. Miaka sabini kati ya Machi hizo mbili, na wanawake waliotumia silaha ile ile dhidi ya serikali mbili tofauti hawakuhitaji kufundishana.

Akina mama wa 1992 walikimbilia kanisa la All Saints, ng'ambo ya barabara, wakakaa humo karibu mwaka mzima. Wana wao wakaachiliwa kwa makundi, na kufikia mapema 1993, wakati Koigi alipotoka, karibu wote walikuwa huru. Ukitembelea Uhuru Park leo utaiona Freedom Corner, na karibu nayo mnara wa kumbukumbu ya wapiganaji wa Mau Mau uliozinduliwa Septemba 2015 na kugharamiwa na serikali ya Uingereza, serikali iliyowatesa wapiganaji hao.

Kisha Karura. Hapa ninaomba msomaji avumilie, kwa maana huu ndio msitu ninaoupenda kuliko pahali pengine popote jijini.

Karura ni hekta 1,041 za msitu ndani ya mji, ukipakana na Muthaiga, Runda na Gigiri, mitaa ya matajiri na mabalozi. Uliwekwa chini ya ulinzi wa sheria mwaka 1932. Katika miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari, wapiganaji wa Mau Mau walijificha katika mapango yaliyo kando ya Mto Karura, si mbali na nyumba za walowezi waliokuwa wakiwatafuta. Sehemu yake kubwa ilipandwa mikaratusi ya kuni, na watu wa Nairobi walianza kuuogopa. Ilisemwa kwamba maiti hutupwa humo, na mara nyingine ilikuwa kweli. Msitu usioingiwa na watu ni rahisi kuibwa, na katika miaka ya 1990 ndivyo ilivyofanyika: zaidi ya nusu yake iligawiwa kimyakimya kwa kampuni za watu wasiojulikana, hatimiliki zikachapwa, na mwaka 1998 tingatinga zikaanza kusafisha ardhi.

Maathai na wenzake walipovumbua hayo walikwenda na miche. Hiyo ndiyo ilikuwa mbinu yao: kupanda mti pale pale ulipokatwa, mbele ya kamera, na kumwacha mwenye hatimiliki aeleze kwa nini anang'oa. Mwezi Oktoba 1998 wananchi wenye hasira walichoma mitambo ya ujenzi. Tarehe 8 Januari 1999 Maathai alirudi pamoja na wabunge wa upinzani, waandishi wa habari na wageni kadhaa, wakiwa na miche na makopo ya maji. Langoni walikutana na kundi la walinzi wa kukodishwa wenye marungu, mijeledi na mapanga. Maathai alipigwa kichwani hadi akavuja damu. Alikwenda kituo cha polisi cha Muthaiga kuandikisha ripoti, na alipotakiwa kuitia sahihi, aliitia kwa damu iliyokuwa ikimtiririka.

Kichwa kile kilichopasuka kilifanya kile ambacho barua zisingefanya. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walimwagika barabarani, wakapambana na polisi siku kadhaa. Magazeti hayakuacha kuuliza majina ya wenye kampuni. Agosti mwaka huo Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wote wa ardhi ya umma. Tingatinga zikaondoka Karura, ingawa hatimiliki zilibaki makabatini mwa wenyewe, na mwaka 2004 ripoti ya tume iliyoongozwa na Paul Ndung'u ikaonyesha kwamba Karura ilikuwa moja tu kati ya misitu na viwanja vingi vilivyogawanywa namna hiyo. Mwezi Oktoba mwaka huo huo, Maathai akatunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kuipata.

Msitu ulirudi kwa watu kwa kazi ya miaka. Mwaka 2009 wakazi wa pande zote, wenye nyumba za Muthaiga na vijana wa mtaa wa mabanda wa Huruma, waliunda kundi la marafiki wa msitu, wakaungana na shirika la serikali la misitu, KFS, wakauzungushia uzio wa umeme. Vijana wa Huruma wakaajiriwa kuwa walinzi. Milango ikafunguliwa rasmi mwaka 2011. Leo unaingia kwa tikiti kutoka barabara ya Limuru au ya Kiambu, unakodisha baiskeli ukitaka, na kila njia panda ina kibao chenye nambari ili usipotee.

Ninakushauri uende asubuhi, kwa miguu. Utakutana na muhuhu, mti ambao Wakamba wamechongea vinyago vyao kwa miaka mingi. Gome lake ni la kijivu, limepasuka kwa mistari mirefu, na ukigonga shina lake kwa kiganja utahisi ugumu wake hadi kwenye kiwiko. Hata mchwa hushindwa nao. Ukifuata mto utafika kwenye maporomoko ya maji ya mita kama kumi na tano, na karibu nayo mapango ya Mau Mau. Ingia uinamishe kichwa. Ndani ni giza, kuna unyevu na harufu ya popo, na sauti ya maji inafunika sauti ya mtu anayezungumza nje. Ndipo utakapoelewa kwa nini palichaguliwa. Ukiwa na bahati utawaona mbega, weusi kwa weupe, wakiruka juu ya miti. Hao walikuwa wametoweka Karura, wakaletwa upya kutoka Kipipiri kuanzia mwaka 2014. Kuna pia tanuri la zamani ambamo Benki Kuu ilikuwa ikiteketeza noti chakavu, na akina mama wa mitaa jirani wenye ruhusa ya kuokota kuni zilizoanguka.

Maathai alifariki Septemba 2011, miezi michache baada ya milango ya Karura kufunguliwa. Alikuwa ameagiza kwamba mti usikatwe kwa ajili ya jeneza lake. Likatengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu-maji ya Ziwa Viktoria, na tarehe 8 Oktoba likawekwa Uhuru Park, mbele ya maelfu ya watu, kwa mazishi ya kitaifa.

Nyasi hizo hizo za Uhuru Park ndizo zilizokanyagwa na umati tarehe 30 Desemba 2002 Mwai Kibaki alipoapishwa na KANU ikaondoka madarakani, na tena tarehe 27 Agosti 2010 alipoitia sahihi katiba mpya. Katiba hiyo inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na inaitaka serikali ifanye juhudi miti ifunike angalau asilimia 10 ya nchi. Lakini kifungu ninachokitafuta kila mara ni cha 70. Kinasema mtu yeyote anaweza kwenda mahakamani kuyatetea mazingira, wala hahitaji kuonyesha kwamba yeye au mtu mwingine amepata hasara au jeraha. Sababu iliyotumika kuitupa kesi ya Maathai mwaka 1989 ilifutwa, na katiba iliyoifuta ilitiwa sahihi juu ya ardhi ile ile iliyokuwa ikigombaniwa. Mama wa Huruma anayeokota kuni Karura sasa ana haki ya kusimama mbele ya jaji kuhusu msitu huo sawasawa na balozi mwenye nyumba ng'ambo ya uzio.